Feni Tatu na Sauti ya Mzee Gathogo

Ninyi mnaobaki kwenye benchi letu kule nyuma ya soko, najua mtasoma haya mkitafuta majina yenu kwanza. Msihangaike, sikuyataja, kwa wema wala kwa ubaya. Nimestaafu bila ugomvi na mtu na ningependa ibaki hivyo angalau mpaka Krismasi. Mliniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya kutengeneza kompyuta hapa Nakuru, na nimekubali kwa sababu moja tu. Nyote mnanishinda kwa kubadilisha vipande, lakini bado mnafunga feni vile mtu anavyotundika kalenda, popote palipo na msumari. Hewa haitaki hivyo. Basi nitaandika habari za hewa. Anayetaka habari za vyeo na mishahara amwulize mtu aliyevipata.

Siku yangu ya kwanza kazini sikuwasha kompyuta hata moja. Mwenye duka, Mzee Barasa, alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kutengeneza friji na redio kabla kompyuta hazijafika mjini, na zilipofika alizipokea kama friji zisizo na nyama ndani. Alinipa brashi ya kupakia rangi na kasha la kompyuta ya muuzaji mmoja wa chakula cha kuku, akaniambia nisafishe. Nilipolifungua nilikuta unga wa kukanda chapati za familia nzima. Nilipiga chafya mpaka saa ya chakula. Mzee Barasa alinitazama bila kunihurumia, akasema, "Sasa umemjua adui. Kesho nitakuonyesha mlango anaopitia."

Kesho yake aliiwasha ile kompyuta, kisha akawasha dawa ya mbu, ile ya mviringo inayochomwa polepole, akaishika mbele ya kasha.

"Angalia moshi," alisema. "Usiangalie mimi. Moshi ndio utakwambia."

Moshi uliingia kidogo kwa mbele, ukasita, ukatokea tena kupitia upenyo wa pembeni. Feni ya nyuma, ambayo ingepaswa kuutoa, ilikuwa imefungwa kinyume na ilikuwa inaingiza hewa. Feni mbili zilikuwa zinapulizana usoni na joto limekaa katikati yao likisikiliza. Mzee Barasa aliigeuza ile ya nyuma kwa bisibisi, akarudisha moshi. Safari hii uliingia mbele, ukapita juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine unaochemka, ukatokea nyuma bila kuuliza mtu njia.

"Hewa ni mgeni, binti yangu," aliniambia. "Ukimkaribisha kwa mlango wa mbele, mwonyeshe na wa kutokea. Ukimfungulia milango yote ya kuingia halafu hakuna wa kutokea, usilalamike mbona amekaa."

Tangu siku hiyo sikuwahi kutoka kwenda kwa mteja bila dawa ya mbu kwenye mfuko wangu wa vifaa. Wapo walionicheka. Mama mmoja wa Milimani alidhani nimekuja kufukuza mapepo na akaniunga mkono kwa maombi. Niliendelea na kazi yangu naye akaendelea na yake, na kompyuta ikapona, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na ushuhuda wake.

Mambo ya msingi mnayajua, lakini nitayarudia kwa sababu kujua na kufanya ni ndugu wasiosalimiana. Hewa baridi iingie mbele na chini. Hewa moto itokee nyuma na juu, maana joto lenyewe hupanda. Hewa inayoingia iizidi kidogo ile inayotoka, ili kasha liwe limeshiba hewa na vumbi lisinyonywe kupitia kila ufa. Kwenye kila mlango wa kuingilia weka kichujio, na kichujio kioshwe. Mji wetu una vumbi la namna mbili, lile jekundu la barabarani na lile jeupe linaloletwa na upepo wa kiangazi kutoka upande wa ziwa, na lile jeupe ndilo baya zaidi kwa sababu ni jepesi na lina chumvichumvi. Nyaya zifungwe nyuma ya ubao. Waya uliolegea mbele ya feni ni ng'ombe aliyelala barabarani.

Halafu wakaja vijana wa kujiundia kompyuta nyumbani, kipande hiki kutoka Nairobi, kile kutoka kwa binamu. Niliwapenda sana. Mtu aliyejiundia kitu chake hukusikiliza, hata kama ni kwa kubishana. Mmoja aliniletea kasha la kioo lenye feni sita za taa za rangi, zote sita zikitoa hewa nje, na hakuna hata moja iliyokuwa ikiingiza.

"Boss, unatoa nini humu?" nilimwuliza.

"Mathe, si joto?" akanijibu, kama anamjibu mama yake.

"Na hiyo hewa ya kubeba joto inatoka wapi?"

Alizihesabu feni zake kwa kidole, moja hadi sita. "Hapo nimeshikwa," akasema.

Tuligeuza feni tatu, na akaenda zake na taa zake. Kazi kama hiyo ni nyepesi kwa sababu kosa liko ndani ya kasha, unaliona kwa macho. Kazi niliyotaka hasa kuwaeleza haikuwa hivyo. Ilikuja mwaka wangu wa mwisho, na ilitoka Dundori, kule juu kwenye baridi.

Njeri aliingia dukani asubuhi moja amebeba kompyuta iliyofungwa kwenye blanketi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mhariri wa video za harusi na za kanisa, na mashine ile alikuwa ameiunda mwenyewe. Nilipoifungua nilifurahi. Nyaya zilikuwa zimefungwa vizuri, feni mbili ndogo mbele zikiingiza, moja nyuma na moja juu zikitoa. Nikamwambia kazi yake ni safi. Hakutabasamu.

"Inazimika, anti. Inazimika yenyewe tu. Na mimi sina time ya kujaribu-jaribu."

Ndipo akanieleza. Baba yake, Mzee Gathogo, alikuwa na ugonjwa wa koo. Madaktari walikuwa wameamua kumfanyia upasuaji Ijumaa ya wiki iliyofuata, na wangeondoa kile kisanduku chote cha sauti. Angebaki hai, Mungu akipenda, lakini hangesema tena. Mzee mwenyewe alikuwa ameamua anachotaka kuacha: hadithi ya jinsi walivyopata lile shamba, na maneno ya baraka kwa ajili ya harusi za wajukuu wake, kila mmoja na yake, maana kwao baraka ya babu haipitishwi kwa mdomo wa mtu mwingine. Njeri alikuwa akimrekodi, picha na sauti. Mara tatu mzee alikuwa ameanza hadithi ya shamba, na mara tatu mashine ilikuwa imezima katikati. Rekodi isiyofungwa vizuri haifunguki tena.

"Simu je?" niliuliza.

"Nilijaribu. Sauti yake imekwaruza sana, simu inameza nusu. Na daktari alisema asiongee sana. Kila hii kitu ikizima, anti, ni sauti yake tumetupa."

Niliinamia ile mashine ili asinione uso. Baba yangu mwenyewe alikufa bila mtu kurekodi hata kikohozi chake.

Niliisafisha, nikapaka upya dawa ya kupoza juu ya prosesa, nikaiwasha na kuipa kazi nzito kuliko ile ya Njeri. Ilifanya kazi kutwa nzima bila kukohoa. Nikiweka mkono nyuma yake hewa ilitoka ya uvuguvugu tu. Nikampigia Njeri aje aichukue, na kesho yake akanipigia yeye. Ilikuwa imezima tena, mzee akiwa amefika mahali pa kuvuka mto.

Mwanzoni nililaumu stima. Fundi yeyote hapa kwetu hulaumu stima kwanza, ni kama salamu. Nikampa betri ya akiba, ile ya kushika umeme ukiyumba. Ikazima pale pale mtoni, na betri ikiwa imejaa. Kwenye benchi letu kukawa na maoni. Mmoja wenu alisema ni pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani, mwingine akasema ni mkono wa mwenyewe, na wa tatu akasema tumwambie tu anunue nyingine. Niliwasikiliza wote. Lakini kitu kimoja kilinikera kama jiwe kwenye kiatu: mashine inayozima Dundori na haizimi Nakuru si mashine mbovu. Ubovu uko Dundori, nami nilikuwa nimekaa mjini nikiupima.

Jumatano, siku mbili kabla ya upasuaji, nilitia kwenye mfuko bisibisi, mita ya joto, brashi, dawa ya mbu na feni moja kubwa, nikapanda mlima. Kijana wa boda aliyenifikisha langoni aliniuliza kama aningoje. Nikamwambia aende, mimi siteremki mpaka ile kompyuta imwache mzee amalize.

Nyumba ilikuwa safi, ya mbao na mabati, ukungu bado umelala juu ya viazi. Mama yake Njeri alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, karibu. Wewe ni mama nani?"

"Mama Kiptoo."

"Mama Kiptoo, mimi ni Mama Njeri. Kaa. Hapana, si hapo, kaa hapa penye kuna jua."

Sebule yake ilikuwa imevaa kuliko mimi. Kila kiti kilikuwa na kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono, mgongoni na mikononi. Runinga ilikuwa na chake, redio ina chake, friji ina kikubwa chenye maua. Na pale pembeni, juu ya meza ya Njeri, kompyuta nayo ilikuwa imeshonewa, kitambaa kizito, cha uzi mara mbili, kilichopimwa sawasawa kikakaa juu ya kasha na kuteremka nyuma.

"Hiyo nilimaliza mwezi uliopita," Mama Njeri aliniambia, amejaa furaha. "Kitu ya maana haikai uchi."

Mzee Gathogo alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mrefu, shingo imefungwa skafu. Sauti yake ilitoka kama mtu anayeburuta gunia.

"Huyu ndiye fundi?"

"Ndiye, baba," Njeri akasema. "Na kwa simu ameniambia usiongee mpaka awe tayari."

"Daktari amesema ninyamaze. Mke amesema ninyamaze. Sasa na fundi." Akanyamaza, lakini kwa macho alikuwa bado anaongea.

Nikawaambia kitu ambacho ningependa mkikumbuke. "Fanyeni vile mnafanyanga kila siku mkitaka kurekodi. Msinibadilishie kitu. Mimi sipo."

Wakaanza. Njeri alivuta kipaza sauti karibu na kiti cha baba yake. Alifunga dirisha kwa sababu ya jogoo. Alifunga mlango wa mbele kwa sababu ya ng'ombe. Alikitoa kile kitambaa, akaiwasha mashine, nazo feni ndogo za mbele zikaanza kulia kama nyuki, maana feni ndogo lazima ikimbie sana ili ibebe hewa ya kutosha. Basi akakirudisha kitambaa juu, na juu yake akaweka blanketi lililokunjwa, ili kelele isiingie kwenye rekodi. Hapo Mama Njeri akaingia kutoka jikoni amebeba jiko la makaa lililokolea vizuri, kwa sababu baridi ya Dundori haifai koo la mgonjwa. Alilitua chini mbele ya meza, hatua moja kutoka kwenye pua ya mashine.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Yote yalikuwa yamefanywa kwa upendo.

Niliwasha dawa yangu ya mbu na kuisogeza. Moshi uliingia mbele vizuri tu, pamoja na joto la makaa na majivu yake. Ulipanda, ukagonga blanketi, ukakosa pa kwenda, ukateremka pembeni na kunyonywa tena mbele. Ilikuwa ni hewa ile ile, inazunguka na kuchemka. Ndiyo maana ilihitaji mzee aongee kwa muda kabla ya kuzima, na ndiyo maana dukani haikuzima kamwe. Dukani hatuna jiko, na hakuna anayetupenda kiasi cha kutufunika blanketi.

"Lakini anti, huku ni baridi hivi," Njeri alisema. "Mimi nilidhani ndio place poa kabisa ya kompyuta."

"Baridi iko nje. Humu ndani mmepika. Na tena huku juu hewa ni nyepesi, feni ile ile inabeba kidogo kuliko mjini."

Mama Njeri alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama moshi ukirudi chini kutoka kwenye kitambaa chake. Sikuhitaji kumweleza, na ningependa kama ningeweza kumficha.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema polepole. "Ni mimi nimekuwa nikimnyamazisha."

"Si wewe, Mama Njeri. Ni hewa imekosa njia."

"Ni kitambaa yangu. Na jiko ni yangu."

Alikwenda jikoni na hakurudi. Tulisikia sufuria zikisogezwa bila sababu. Mzee Gathogo akatikisa kichwa, akanionyesha mashine kwa kidole: endelea. Nami nikaona mzee ana haki. Majuto yangeweza kungoja, Ijumaa haingengoja.

Shida sasa ilikuwa hii: nikiondoa vifuniko mashine itapoa, lakini kelele itaingia kwenye rekodi. Mtaniuliza mbona sikuitoa chumbani kabisa. Niliwaza hivyo pia. Waya wa skrini ulikuwa mfupi, na upande wa pili wa ukuta ni jikoni. Kwa hiyo ilibidi kasha lenyewe lijifunze kupumua polepole.

Nilitoa zile feni mbili ndogo za mbele. Mahali pao niliweka ile kubwa niliyobeba, yenye upana wa sahani ya chai, chini kabisa, na kichujio mbele yake. Feni kubwa ikizunguka taratibu hubeba hewa sawa na ndogo inayokimbia, na hailii. Ile ya juu niliifungua, nikaihamishia mbele, juu ya kubwa, iingize badala ya kutoa. Tundu la juu nililiziba kwa kadibodi na mkanda, maana ndilo lililokuwa likielekea kipaza sauti. Ya nyuma niliiacha itoe. Feni mbili za kuingiza, moja ya kutoa, na njia moja iliyonyooka. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya mashine, nikaziambia feni zishike mwendo mmoja, zisipande na kushuka. Mlio unaopanda na kushuka sikio hulifuata, lakini mlio mmoja wa chini sikio huusahau, na hata Njeri angeweza kuufuta baadaye.

Niligeuza kasha mgongo uelekee kwenye korido, nikaomba mlango ule wa ndani uachwe wazi. Kati ya mashine na kiti cha mzee tulisimamisha godoro, bila kugusa kasha, wazi mbele na nyuma. Jiko nilisema lipashe chumba kwanza, halafu litolewe kabla ya kazi kuanza. Hata bila kompyuta, makaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu, na hilo nililisema kwa sauti ya ukali kidogo. Lile blanketi lililokuwa juu ya mashine nilimpa mwenye koo.

Mama Njeri alirudi wakati nafunga skrubu ya mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu na mkononi alikuwa na sinia la chai.

"Na nikishona ingine?" aliuliza. "Yenye mashimo makubwa?"

"Hapana, mama."

"Hata ndogo tu? Ya kuweka juu ya skrini?"

"Ya skrini shona."

Tuliijaribu kwa kuipa mzigo mzito, tukanywa chai, tukaongezewa chai, na viazi, na chai tena. Niliweka mkono nyuma. Vuguvugu. Niliwasha dawa ya mbu, na moshi uliingia mbele na kutokea koridoni, moja kwa moja, vile Mzee Barasa angetaka. Mita haikupanda. Sikuamini, nikangoja kikombe kimoja zaidi. Kama ningekosea, makosa hayo yangelipwa na koo la mtu mwingine.

"Haya," nikasema. "Mzee, sasa ni wewe."

Njeri alinipa headphone moja ili nisikilize kama feni zinaingia. Mzee Gathogo aliondoa skafu, akanywa maji ya uvuguvugu, akaanza hadithi ya shamba kwa mara ya sita. Nilisikia baba yake akitembea na mbuzi wawili. Nilisikia mahali pa kuvuka mto, na pale Njeri alinishika mkono, kwa sababu ndipo mashine ilipokuwa imezima mara ya mwisho. Walivuka. Walifika. Walipanda viazi vya kwanza na baridi ikaviua, wakapanda tena. Hadithi iliisha na taa ndogo ya rekodi ilikuwa bado inawaka.

Alipumzika, kisha akatoa baraka. Mjukuu mmoja baada ya mwingine, wakubwa hadi yule ambaye bado ananyonya, kila mmoja jina lake na maneno yake. Sauti ilikuwa inakatika, anangoja irudi, anaendelea. Sikusikia feni hata moja. Ningeweza kusema nilijivunia kazi yangu, lakini ukweli ni kwamba nilisahau kuna kazi.

"Tumemaliza, baba," Njeri alisema mwishowe, akipangusa uso kwa mkono wa sweta. "Kuna kitu ingine unataka?"

Mzee aligeuka kutazama mlango wa jikoni. Mama Njeri alikuwa ameingia kwa vidole vya miguu kuchukua vikombe.

"Kaa," mzee akamwambia.

"Nina maziwa kwa moto."

"Kaa kidogo."

Akakaa ukingoni mwa kiti, vikombe mapajani. Mzee alisogea karibu na kipaza sauti, akamtazama, akasema neno moja.

"Nyokabi."

Sikujua ni nani. Kisha nikamwona Mama Njeri akiinua uso, nikaelewa ni yeye. Tangu kifungua mimba wake azaliwe alikuwa Mama Njeri, kanisani, sokoni, kwa majirani, na kwa mume wake, kama ilivyo kwetu sote. Njeri aliniambia baadaye kwamba maisha yake yote hakuwahi kumsikia baba yake akilitamka jina hilo. Kwenye headphone lilikuja peke yake, limekwaruza, na nyuma yake kulikuwa na kimya tu.

"Rudia," Mama Njeri akasema.

"Nyokabi."

"Njeri, hiyo usifute." Akasimama ghafla na vikombe vyake, na jikoni maziwa yalikuwa yamekwisha mwagika yote.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Miezi kadhaa baadaye, wiki yangu ya mwisho kazini, nilipanda tena Dundori kuosha kichujio, maana kichujio kisichooshwa ni kitambaa kingine tu. Mzee Gathogo alinifungulia mlango. Amenenepa kidogo, na shingoni, mbele ya lile tundu analopumulia, alikuwa na kifuniko chepesi cha pamba, cha kushonwa kwa mkono, kinachopitisha hewa. Alinisalimu kwa mkono, akaniketisha penye jua. Njeri alikuwa ameenda kupiga picha za harusi Kabazi. Nilipiga brashi, nikaosha, nikarudisha, nikawasha mashine na kuiwekea mkono nyuma. Baridi kabisa.

Niliuliza kama Mama Njeri yupo, ili nimuage. Mzee alinyoosha kidole juu, kunionyesha ningoje. Akavuta kiti mbele ya meza, akabonyeza kitufe kimoja, na sauti yake ikatoka kwenye spika, ikapita dirishani mpaka zizini.

"Nyokabi."

"Nakuja!" mtu akaitika kutoka nje, kwa ile sauti ya mke aliyechoka kuitwa bila sababu. "Si ungoje nimalize kukamua!"

Mzee alinitazama, akatabasamu, akabonyeza tena.